Usiku wa Jumamosi

Jumapili, 23 Agosti 2026

Mwalimu amenipa ukuta. Ukuta wote wa nyuma wa darasa! Klabu yetu ya historia itabandika karatasi za manila chini ya kichwa "Siku Kama ya Leo", na tunaanza na tarehe 10 Septemba. Mwaka huu inatimia miaka kumi na mitano tangu meli ya Spice Islander izame ikienda Pemba, na miaka kumi tangu tetemeko la Kagera. Tarehe moja, miaka tofauti. Tena zote mbili zilikuwa Jumamosi. Nilipoligundua hilo nilisisimka mwili.

Sipendi tarehe zikigongana. Yaani nazipenda — ndiyo maana nazikusanya — lakini siziamini. Azimio la Arusha, 5 Februari 1967. Kuzaliwa kwa CCM, 5 Februari 1977. Hizo hazikugongana zenyewe, kuna watu walikaa wakapanga. Kwa hiyo kila nikiona mambo mawili yamekaa siku moja, swali langu la kwanza ni hilo: nani kayapanga?

Leo nimejiuliza hivyo kuhusu mtu.

Bi Badria, mwenye nyumba wetu, alikuwa na binti anaitwa Nasreen. Alikuwemo ndani ya ile meli. Hakuonekana tena, hata mwili. Chumba chake ni kile cha mwisho kwenye korido, karibu na uani, chenye kufuli. Tangu tuhamie hapa Mtaa wa Mchikichi mwezi wa kwanza sijakiona wazi hata mara moja. Sasa mwezi uliopita akatokea mwanaume mmoja, Bwana Idrisa, mshona kofia za vijicho, zile zilizodariziwa vitundu kwa mkono. Anasema alikuwa kwenye meli hiyo hiyo, amekaa ubavuni mwa Nasreen, akaokolewa. Miaka yote hiyo hakujulikana aliko. Mwaka huu, tarehe kumi inakaribia, huyo hapo barazani anakunywa kahawa.

Na leo nimemsikia Bi Badria akimwambia Mama, huku anapepeta mchele, kwamba anataka kumpa Bwana Idrisa chumba cha Nasreen.

Kwa nini mwaka huu?

Jumanne, 25 Agosti

Nilikaa nasugua masufuria karibu na mlango wa mbele ili nisikie. (Masufuria yenyewe yalikuwa safi.)

Bwana Idrisa ni mwembamba, labda miaka hamsini, sauti ndogo mpaka uinamie. Anazungumza huku sindano inapita kwenye kitambaa. Alisema meli ilijaa. Alipata pa kukaa sakafuni karibu na ngazi, na dada mmoja akamsogezea begi lake aegemee. Ndiye Nasreen. Akatoa visheti, akamgawia, akasema mama yake wa Kariakoo amemfungashia utadhani Pemba hakuna unga. Wakacheka. Halafu meli ikaanza kulala upande. Alipofika hapo sindano ikasimama. Akasema mengine ni ya Mungu.

Bi Badria akasema kweli, alimfungashia visheti, alivikaanga kwa mkono wake asubuhi ile Nasreen anaondoka. Akajifuta macho kwa mtandio.

Mimi nikaacha kusugua. Visheti! Ilikuwa siku chache tu baada ya Idi. Nani hafungashiwi visheti baada ya Idi? Ningekuwa mwongo ningechagua visheti hivyo hivyo.

Jioni tulipokuwa tunafunga fremu — Mama anauza vyombo vya plastiki pale Msimbazi — nikamwambia mashaka yangu. Hakuacha hata kupanga ndoo. Akasema mimi namshuku hata padre akikohoa, na kwamba msiba wa watu si somo la historia.

Lakini hakusema Bwana Idrisa ni mkweli. Nimeliona hilo.

Jumatano, 26 Agosti

Nimemwomba Bi Badria ruhusa ya kuandika jina la Nasreen ukutani, chini ya tarehe kumi Septemba. Akaniuliza tarehe kumi Septemba kuna nini.

Nilidhani anatania. Hatanii. Siku ya Nasreen, alisema, iko Mfungo Mosi, mwezi ule unaoanza na Idi. Mwaka huu imeshapita zamani, walisoma hitma, hata pilau lake mimi nililila. Mwakani itakuja mapema zaidi. Hiyo Septemba, akasema, ni yenu na serikali.

Sikuwahi kulifikiria hili. Kwa hesabu yake meli na tetemeko hazijawahi kukutana siku moja. Sisi ndio tumezikutanisha.

Ameruhusu jina. Alitaka nimtamkie herufi moja moja nitakazoandika. Macho yake hayamsaidii tena. Mimi ndiye ninayemsomea magazeti, dawa, hata bei za kwenye mifuko. Huwaambia watu: "Akisoma Josepha, nimesoma mimi." Inanifurahisha na kunitisha.

Ijumaa, 28 Agosti

Tarsis ndiye shahidi wetu wa tetemeko. Alizaliwa Bukoba, alikuwa na miaka sita. Leo baada ya masomo ya ziada klabu ilimweka kwenye kiti mbele, na mimi nikashika kalamu.

Anasimulia vizuri, nakiri. Alidhani ni lori linapita. Halafu kabati la bibi yake likatembea — alisema hivyo, likatembea, kama mgeni anayeaga. Wakakimbilia migombani. Anakumbuka ilikuwa Jumapili kwa sababu alikuwa amevaa nguo za kanisani, na shati lilichanika.

Nikainua mkono. Nikamwambia ilikuwa Jumamosi mchana.

Akabisha. Nikamwonyesha kalenda ya 2016. Akaitazama, halafu akaifunga.

"Sawa, Mama Tarehe. Basi tetemeko halikunikuta. Mimi na shati langu tulikuwa tunaota."

Darasa zima wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo. Nimeandika "Jumamosi" kwenye manila yake bila kumuuliza zaidi, maana shati lililochanika nililiamini.

Jumapili, 30 Agosti

Nimempata!

Baada ya misa nilifanyia mazoezi sentensi yangu njia nzima. Shikamoo, naomba kuuliza jambo kwa ajili ya shule. Nilipofika barazani nikaisema yote kwa pumzi moja. Bwana Idrisa akaitikia marahaba mwanangu, akanisogezea kigoda. Sikukaa.

Nilimuuliza tu walipanda meli lini.

Hakufikiri hata kidogo. "Usiku wa Jumamosi, tumeshasali Isha."

 Meli iliondoka Unguja IJUMAA usiku. Kama saa tatu. Ikazama usiku huo huo, kabla hakujakucha Jumamosi. Ilipofika Jumamosi usiku watu walikuwa uwanjani, walikolazwa maiti, wanafunua mashuka kutafuta ndugu zao. Hakuna aliyepanda meli hiyo Jumamosi usiku, kwa sababu haikuwepo tena juu ya maji.

Sikutaka kumwonea. Nikauliza tena — Jumamosi?

"Usiku wa Jumamosi, mwanangu. Usiku ule hausahauliki."

Nikasema ahsante. Akaniuliza kama nataka kofia ya kumpelekea baba. Nikamwambia baba yuko Moshi na havai kofia.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimehakikisha. Mwalimu ana magazeti ya wiki ile. Idadi ya waliokufa hayakubaliani, lakini siku yanakubaliana yote. Ijumaa, tarehe tisa, usiku.

Tarsis ameniuliza kwa nini natabasamu peke yangu. 

Simwambii mtu. Kwanza nitafakari.

Jumatano, 2 Septemba

Nimemwambia mtu.

Abdulkadiri, mtoto wa kiume wa Bi Badria, anauza vipuri Buguruni, huja katikati ya wiki kumwangalia mama yake. Ana kitambi na viatu vinavyong'aa na kwa kawaida hanioni kabisa. Leo alinikuta kwenye simtanki nachota maji akasimama. Akasema amesikia kutoka kwa mama yake kwamba mimi ni msomi, naandika habari za ile meli. Halafu, kwa sauti ya chini: huyu mshona kofia, wewe unamwonaje?

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza namwonaje mtu.

Nikamwambia. Yote. Ijumaa, Jumamosi, magazeti, na kwamba nilimuuliza mara mbili. Alisikiliza vizuri sana. Kuna mahali aliinua macho akanitazama haraka, nilipotaja "usiku wa Jumamosi", halafu akatazama tena maji. Ndoo ilikuwa inafurika. Akaifunga koki yeye mwenyewe.

Akasema, "Mwanangu, umefanya kazi kubwa." Akaingia ndani kwa mama yake na mlango ukafungwa.

Sijui kwa nini sikusikia furaha. Nilidhani nitaisikia.

Alhamisi, 3 Septemba

Nimerudi kutoka kwaya. Sahani ya Bwana Idrisa, ile ya maua ya bluu ambayo Bi Badria humpelekea kila jioni, iko kabatini imefunikwa. Kavu.

Mama anasema Abdulkadiri alimwambia mama yake: Josepha amesoma magazeti ameona siku za yule bwana haziendani. Bi Badria hakuuliza siku zipi. Aliuliza tu, kasoma Josepha? Akaambiwa ndiyo. Akalala na mchana.

Jumamosi, 5 Septemba

Bi Badria aliniita asubuhi nimsomee dawa. Nikasoma. Akanishika mkono, akasema ahsante kwa kumfumbua macho, kwamba mzee akitaka sana jambo anakuwa mjinga. Nilitaka kumweleza siku yenyewe, nimwonyeshe gazeti. Akakataa kwa kiganja. Hataki kujua yule bwana amekosea wapi, akijua ataanza kumtetea.

Nikasema haya Bibi. Basi. Hilo ndilo nililoweza.

Bwana Idrisa bado anakaa barazani, lakini upande wa jirani sasa, kwenye jua. Nilipopita nikamsalimia kwa sababu sikuweza kutomsalimia. Marahaba, akasema, shule inaendaje? Uso wake ule ule. Mwongo aliyekamatwa si angekasirika? Au mwongo mzoefu hakasiriki? Namwangalia mkono unaoshona. Hautetemeki. Hilo nalo sijui nilisome vipi.

Chumba hakijafunguliwa. Ufunguo umerudi kwenye pindo la kanga ya Bi Badria.

Kesho usiku Mama na mimi tumealikwa kwa Bi Sitara, nyumba ya tatu, mjukuu wake anatiwa hina. Mama kachagua seti ya mabeseni ya waridi kuwa zawadi. Toka Magharibi ngoma na vigelegele vinasikika kutoka kwao. Mama anasema wanajaribu spika.

Jumapili, 6 Septemba

Naandika na nguo za sherehe bado mwilini.

Tulikwenda. Mama amesuka, kavaa kitenge kipya, mabeseni kichwani yamefungwa nailoni. Tukabisha hodi. Ndani — wanawake wawili wanafagia, mikeka imekunjwa, sufuria kubwa zimepinduliwa uani zikauke. Bi Sitara akatoka na kanga ya nyumbani, akatutazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akaanza kucheka mpaka akashika mlango.

"Mama Josepha, jamani! Si nilikwambia usiku wa Jumapili? Mbona mnakuja usiku wa Jumatatu?"

Mama akasema leo ni Jumapili na huu ni usiku. Wakacheka wote, hata wanaofagia. Bi Sitara akamshika bega akamweleza polepole, kama unavyomweleza mgeni njia. Jua likizama siku imekwisha. Usiku unatangulia, mchana wake unafuata. Usiku wa Jumapili ni ule wa kuingilia Jumapili — jana. Huu wa leo ni wa Jumatatu. Vijana siku hizi wanasema wanavyotaka, akasema, lakini sisi wa pwani tulikuta hivyo.

Mama alicheka kuliko wote. Wakampokea mabeseni, wakatutolea pilau la jana, wakamwita Mchaga wa Jumatatu.

Mimi sikumeza hata punje.

Usiku wa Jumamosi ni usiku wa kuingilia Jumamosi.

Ni Ijumaa, saa tatu, baada ya Isha.

Jumatatu, 7 Septemba

Darasani sikusikia kitu. Niliutazama ukuta wangu. Nimeandika kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa: "Usiku wa kuamkia Jumamosi." Mimi mwenyewe! Nimeandika kitu kile kile alichosema Bwana Idrisa na nikamwita mwongo.

Lakini kuna lingine, na hili limenikosesha usingizi. Mimi na Mama ni watu wa Kilimanjaro, tumeingia nyumba ile juzi, na jioni za Alhamisi niko kwaya. Hata kama jioni hizo wanasema ni usiku wa Ijumaa, ningesikia wapi? Abdulkadiri amezaliwa pale. Ameondoka pale mtu mzima. Nilipotaja "usiku wa Jumamosi" aliinua macho. Nililiona jicho lile. Hakushangaa. Alielewa.

Alielewa na akafunga koki.

Kwa nini? Wiki mbili zilizopita alikuja na mwanaume wa miwani ya jua, wakasimama barabarani wanaitazama nyumba kuanzia bati mpaka msingi. Mama alisema huyo ni dalali. Pande zote mbili zetu kuna maghorofa. Bi Badria husema hahami, chumba cha mwanawe kiko hapa. Sasa akimpa mtu chumba, akipata wa kumpikia na kumsimulia, atahama lini?

Au nimeanza tena. Nilikuwa na uhakika hivi hivi juu ya Bwana Idrisa.

Jumanne, 8 Septemba

Abdulkadiri amekuja kabla ya siku yake. Nilimsubiri kwenye simtanki. Shikamoo Anko. Marahaba. Nikasema niliyoyafanyia mazoezi: kwamba nimejua maana ya usiku wa Jumamosi, na yeye aliijua siku ile ile.

Nilidhani atakana. Hakukana.

"Mimi nilimdanganya nani? Nilisema Josepha kaona siku haziendani. Hukuona?"

Niliona. Kweli niliona.

Kisha akakaa juu ya ukingo wa simtanki na suruali yake nzuri, na sauti ikabadilika. Alinisimulia kwamba yeye ndiye aliyekwenda Unguja kumtafuta Nasreen. Mama yao hakuweza. Alitembea uwanja mzima, anafunua, anafunika. Watoto wa watu wengi. Dada yake hakumwona. Aliuliza kila aliyeokolewa aliyeweza kusema, na hakuna aliyemtaja dada wa Kariakoo mwenye visheti. Wala mtu mmoja. Sasa anakuja huyu, miaka kumi na mitano baadaye, eti alikuwa Mombasa, eti alilijua jina la Bi Badria tu, mtaa hakuujua. Akaniuliza: wewe na magazeti yako, unaweza kuniambia ni mkweli?

Nikasema siwezi.

"Basi kaa kimya," akasema. "Mama ameshalia mara moja. Ukimfungulia huyu mlango, halafu akaja kuwa mwongo, atalia ya pili, na hiyo hatapona."

Sikumuuliza kuhusu dalali. Nilikuwa nalo swali, liko mdomoni, likabaki hapo hapo. Alipoondoka alimkuta Bwana Idrisa nje. Hawakusalimiana.

Jumatano, 9 Septemba

Nimeshindwa. Nilisimama mbele ya mlango wa Bi Badria na kamusi mkononi ili nionekane nina sababu. Alikuwa anapiga tasbihi. Nikarudi.

Nikinyamaza, mtu amefukuzwa kwa kosa langu. Nikisema, huenda namwingiza mwongo kwenye kitanda cha marehemu. Tarehe hazisaidii. Tarehe zinasema tu kwamba angeweza kuwemo. Hata mimi, kwa tarehe tu, ningeweza kuwemo. Nilikuwa na mwaka mmoja.

Tarsis anasema nina sura ya mtu aliyemeza chaki.

Mama kasikia Bwana Idrisa anaondoka mtaani kesho. Hajasema anakwenda wapi.

Alhamisi, 10 Septemba

Shuleni ukuta umefunguliwa. Watu wamekuja, wamesimama mbele ya majina, hata wale wa kidato cha kwanza. Tarsis alisimulia kabati na migomba, na alipofika kwenye siku akanitazama na kusema "Jumamosi, kwa mujibu wa Mama Tarehe." Wakampigia makofi. Sikungoja mwisho. Sikwenda kwaya.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linazama. Bi Badria alikuwa koridoni ametandika mkeka, ametia udi kwenye chetezo. Abdulkadiri alikuwepo. Bwana Idrisa amesimama karibu na mlango wa mbele, mfuko begani, amekuja kuaga. Alikuwa ameshamwomba radhi Bi Badria kama alimkosea, na Bi Badria alikuwa anatazama moshi. Mama alikuwa mlangoni kwetu ameshika beseni.

Nikasema. Nilisema mgongo ukiwa ukutani na macho kwenye vidole vya miguu yangu, lakini nilisema. Bibi, mimi ndiye niliyekosea, si yeye.

Akanitaka nimwambie Bwana Idrisa alisema nini, neno kwa neno.

"Usiku wa Jumamosi, Bibi."

"Na magazeti yako?"

"Ijumaa usiku. Saa tatu."

 Udi ulipasuka ndani ya chetezo.

"Sasa tofauti iko wapi?" akasema. Halafu aligeuza kichwa, taratibu sana, kwenda upande alikosimama mwanawe. Haoni vizuri, lakini alimpata sawasawa. "Na wewe Abdulkadiri. Uliposikia usiku wa Jumamosi, ulielewa usiku gani?"

 Abdulkadiri akasema kwamba yeye ndiye aliyefunua mashuka. Akauliza huyu alikuwa wapi. Sauti ilikatika kwenye "wapi" na mtu mzima mwenye viatu vinavyong'aa akakaa chini sakafuni.

Bi Badria akanirudia mimi. Basi ni mkweli?

Wote wakanitazama. Hata Bwana Idrisa. Hasa Bwana Idrisa — na kwa mara ya kwanza niliona kitu usoni mwake, na nikiulizwa ni kitu gani siwezi kuapa.

"Siku zake zinaendana, Bibi. Zaidi ya hapo sijui."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa alichoagiza. Akafungua pindo la kanga.

Nimekimbilia chumbani. Naandika juu ya goti, pazia liko wazi kidogo, nawaona. Kufuli limegoma, halafu limekubali. Bi Badria amesukuma mlango kwa kiganja na harufu ya nguo zilizokaa sana imefika hadi huku. Kuna kitanda kimetandikwa. Abdulkadiri hajainuka, ameegemea ukuta, anatazama juu, hatazami ndani. Mama kaleta chai, hakuna aliyeshika kikombe.

"Tua mfuko, mwanangu," Bi Badria amesema. Sauti ya kawaida kabisa, ya kumwita mtu aje kula.

Bwana Idrisa amekwenda mpaka kizingitini. Amesimama hapo. Anatazama kitanda.

Bi Badria amesema tena.

Mfuko bado uko begani.